Uyoga Uliokatwa Mara Mbili

Nilikaa miaka thelathini na moja nyuma ya taipureta ya mahakama ya wilaya, na karatasi niliyoichapa mara nyingi kuliko zote ni ile ya binti kumwachia kaka yake urithi. Naijua kwa moyo mpaka leo. "Mimi fulani binti fulani, kwa hiari yangu na bila kushurutishwa na mtu yeyote..." Kwa hiari! Nimewaona wakiingia wameshika mikoba kwa mikono miwili, wamechana nywele kama wanakwenda kanisani, na nyuma yao kaka mtu ananukia sabuni, anamfungulia dada mlango kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake. Sheria yetu inasema mtoto ni mtoto. Kijiji kinasema binti anayechukua ardhi ya baba amemnyang'anya kaka yake, na siku akiingia dukani watu watanyamaza. Basi wanatia saini. Dada yangu wa kuzaliwa alitia saini mbele yangu, na karatasi yake niliichapa mimi mwenyewe bila kosa hata moja.

Lakini ninayetaka kumsimulia ni Vida, binti wa jirani yangu Obrad.

Vida alikuwa mpishi wa shule ya hapa kijijini. Mwanamke mnene kiasi, mikono myekundu kwa maji ya moto, sauti ya kuita watoto mia moja waje kula. Aliolewa nyumba ya tatu kutoka kwa baba yake, karibu hivi kwamba mzee akikohoa yeye alimsikia. Mumewe alikufa mapema, watoto hawakujaliwa. Kaka yake, Zdravko, alikwenda Austria akiwa kijana, mji wa Linz, akaoa huko, akanenepa huko, akawa anakuja Krismasi na gari jipya na kuondoka kabla theluji haijachafuka.

Mzee Obrad alikuwa na kitu kimoja ambacho kijiji kizima kilimwonea wivu. Alijua mahali. Ng'ambo ya tuta la mto Sava kuna msitu unaofunikwa na maji kila mwaka, na maji yakirudi, mvua ya vuguvugu ikanyesha siku mbili, unachipua uyoga tunaouita smrchak, wenye kofia ya vishimo kama sega la asali na tumbo tupu. Kila mtu huokota mmoja hapa, miwili pale, mgongo ukamwuma. Obrad alikuwa anarudi na kikapu kimejaa, kimefunikwa koti, naye anasukuma baiskeli kama hana habari.

Kwetu mtu atakuazima trekta, atakuazima hata suti ya harusi, lakini hatakuambia anakookota uyoga. Mahali pa uyoga baba humwonyesha mwana, kama anavyomwachia mshumaa wa mtakatifu wa nyumba. Hapaandikwi popote. Mzee akifa ghafla, mahali pamekufa naye, na wana wake watatembea msituni kama vifaranga waliopotewa na mama.

Vida alipenda kitu hicho tangu utotoni. Si uyoga wenyewe, maana uyoga aliweza kuupata kwa majirani. Alitaka baba yake amchukue. Alipokuwa na miaka tisa alimfuata kimyakimya hadi kwenye tuta. Obrad akageuka, akamwona. Hakumfokea wala hakumpiga. Aliketi juu ya tuta, akawasha sigara, na akakaa pale mpaka adhuhuri bila kumsemesha neno, halafu akarudi nyumbani na kikapu kitupu. Siku nzima ya Aprili, siku ya mvua ya vuguvugu, ameitupa ili mtoto wa kike asijue. Zdravko yeye alichukuliwa na baba mara mbili, bila hata kuomba. Mara ya pili Zdravko aliketi juu ya kisiki akalia kwa sababu matope yameingia kwenye viatu vyake vipya.

"Mbona yeye?" Vida alimwuliza baba yake siku hiyo.

"Wewe utaolewa," Obrad alisema. "Utaondoka na siri yangu kwenye nyumba ya watu."

Roho ya korosho, nasema mimi. Lakini wakati ule nisingesema hivyo. Wakati ule ningesema mzee ana hekima.

Miaka ikapita. Vida alikuwa na miaka arobaini na sita Zdravko alipokuja mwezi wa Oktoba, jambo lisilo la kawaida, akatangaza kwamba anataka kuezeka upya nyumba ya baba, lakini hawezi kutia fedha kwenye nyumba isiyo ya jina lake. Obrad akakubali kumwandikia nyumba, shamba na bustani ya miplamu akiwa bado hai. Sheria ilimtaka binti naye aje aseme ameridhika. Wakaja wote watatu ofisini kwangu. Vida alikuwa na harufu ya vitunguu, ametoka jikoni moja kwa moja.

"Nipe kalamu, jirani," aliniambia, "kabla sijapata akili."

Nikacheka. Zdravko naye akacheka, ila macho yake yalikuwa kwenye karatasi.

"Lakini nina sharti langu," Vida akasema. "Sitaki tofali. Sitaki plamu hata moja. Nataka baba anionyeshe mahali."

"Mahali gani?" Zdravko akauliza.

"Mahali pa uyoga, we bwana mkubwa wa Linz."

Zdravko aliangua kicheko mpaka akashika meza. "Hilo tu? Mungu wangu, nilidhani unataka ng'ombe! Baba, mpe mtoto uyoga wake twende tukale."

Obrad alinitazama mimi, kama vile mimi ndiye niliyeomba. Kisha akasema, "Aprili."

"Umesikia, jirani?" Vida akaniambia. "Andika na hilo."

"Haliandikiki," nikamjibu. "Uyoga hauna hati."

Akatia saini. Aliandika jina lake polepole, herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika orodha ya viazi, na uso wake, naapa, ulikuwa wa furaha. Katika miaka yote ile sikuwahi kumwona binti akitia saini karatasi ile kwa furaha. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba hatimaye nimefanya kazi nzuri.

Sasa, kabla sijaendelea, lazima nieleze mzaha mmoja wa kwetu. Akija mgeni wa mjini, au mkwe mpya anayejifanya hodari, anasema nipelekeni nami nikaokote. Hatumkatalii. Asubuhi mtu mmoja hutangulia na uyoga kumi hivi uliookotwa jana, akauchomeka mmoja mmoja kwenye majani makavu mahali pasipoota kitu. Mgeni anafika, anaona, anapiga kelele, anapiga magoti, na sisi tunajiuma midomo. Daktari mmoja wa mifugo alirudi mahali pale miaka minne mfululizo. Mtu anayejua haingii mtego huo, kwa sababu uyoga uliochomekwa hauna mzizi. Ukiugeuza, chini yake umekatwa kwa kisu, bapa kabisa, na mkato umeshakauka.

Aprili ilifika. Vida alivaa mabuti ya marehemu mama yake, akaoka mkate, akachukua kikapu kipya. Niliwaona wakipita mbele ya nyumba yangu, mzee mbele, binti nyuma, na aliponiona dirishani alininyooshea kisu chake hewani akitikisa kichwa kama msichana anayekwenda kwenye ngoma. Jioni ile aliniletea uyoga kidogo kwenye sahani, umekaangwa na mayai. Nilimwuliza, "Haya, pakoje?" Akasema, "Pazuri." Nikadhani ni siri inayomfunga mdomo. Nikafurahi tena.

Ukweli aliniambia miaka tisa baadaye, jikoni kwake, akimenya viazi, wala hakuacha kumenya.

"Tulivuka tuta tukashika kushoto," alisema. "Tukafika kwenye uwazi mdogo, miti ya jasen huku na huku. Akasema, hapa. Nikaona mmoja, nikaona wa pili. Moyo wangu, jirani, ulikuwa unagonga mpaka masikioni. Nikapiga magoti nikashika wa kwanza, ukaja wenyewe mkononi. Nikaugeuza."

"Usiniambie," nikasema.

"Umekatwa. Nikashika wa pili. Umekatwa. Yote kumi na mmoja."

"Na yeye?"

"Alikuwa amenipa mgongo, anasokota tumbaku, anaangalia mto. Akaniuliza, umeona? Nikamwambia nimeona, baba. Akasema, mahali pazuri hapa. Nikamwambia pazuri, asante."

"Vida! Kwa nini hukumtupia usoni?"

"Ningesema nini? Karatasi ulikuwa umeshaichapa."



Akaniambia kwamba alitoa kisu chake, akaukata kila mmoja tena, kipande chembamba tu chini, ili mkato uwe mbichi, ili baba yake akitazama kikapuni asitambue kwamba binti ametambua. Aibu ilikuwa ya mzee, na yeye ndiye aliyeifunika. Hilo ndilo linalonichoma kuliko udanganyifu wenyewe. Alimwonea haya baba yake aliyemfanyia mzaha wa mgeni wa mjini.

Miaka yote tisa ile walidanganyana hivyo hivyo. Kila Aprili Obrad alikuwa anamwuliza mezani, "Umekwenda mahali petu? Umepata?" na Vida anajibu, "Nimepata kidogo, baba, mwaka huu mkavu." Na kweli alikwenda! Alikwenda kila mwaka, akasimama kwenye uwazi ule dakika kumi, akarudi, ili asiseme uongo mtupu. Mzee alijua hakuna kitu pale. Binti alijua kwamba mzee anajua. Na wote wawili wanakula supu.

Paa halikuezekwa. Zdravko alituma picha za vigae, akauliza bei, akasema mwakani. Mzee alipoanza kuugua mapafu, alitumiwa blanketi la umeme kutoka Linz, likaja na cheti cha dhamana. Aliyepasua kuni ni Vida. Aliyemwogesha ni Vida, akambadilisha shuka, akamkata kucha za miguu ngumu kama pembe. Na asante ya punda ni mateke. Mzee alilalamika kila siku: supu ina chumvi. Mto wa kichwani uko juu. "Zdravko amenitumia blanketi," alimwambia kila aliyeingia, "mwanangu ananifikiria," na Vida amesimama pale na ndoo ya maji machafu mkononi.

Mwezi wa Februari, asubuhi moja, Vida alinigongea. "Mzee anakutaka, na uje na kalamu. Sijui anataka kuandika nini, labda ameona bado kuna kijiko kimebaki kwa jina lake."

Obrad alikuwa ameketi kitandani, amekonda, macho yametoka. Alimwashiria Vida aketi. Vida akabaki amesimama karibu na jiko.

"Nilimpigia Zdravko," mzee akaanza. Kila maneno matatu alipumzika. "Nikamwambia, njoo majira ya machipuko, nikukumbushe mahali, umesahau. Unajua amenijibu nini? Baba, mimi uyoga nanunua sokoni, upo kwenye pakiti."



"Basi, Vida. Mwanangu. Nitakuambia wewe. Jirani ataandika usije ukasahau. Pale nilipokupeleka... pale si penyewe."

Nilimtazama Vida. Nilitarajia alie, au acheke, au avunje kitu. Alifuta mikono kwenye aproni taratibu.

"Usijichoshe, baba," alisema. "Mahali ulishanionyesha."

"Nakwambia si penyewe! Nilichomeka, Mungu anisamehe, nilichomeka kwa mkono wangu—"

"Najua ulichomeka. Nimejua tangu mmoja wa kwanza."

Mzee akanigeukia mimi, kisha akamgeukia binti yake. "Unajua? Na hukusema?"

"Sikusema."

"Basi ndiyo nakwambia sasa. Chukua siri hii. Ni yako."

"Sitaki," Vida akasema. Sauti yake ilikuwa ile ya jikoni, ya kuwaambia watoto kwamba chakula kimekwisha. "Nilitaka unipe mimi wakati ulipokuwa bado na mtu mwingine wa kumpa. Sasa unanipa kwa kuwa yeye ameikataa. Makombo, baba. Nimepika miaka thelathini, nayajua makombo nikiyaona."

"Vida, nitakufa nayo."

"Utakufa nayo. Na supu iko tayari, ikipoa utasema imepoa."

Akatoka uani. Mzee akaanza kulia, kilio kibaya cha mtu asiye na pumzi ya kulia. Kisha akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua kama bado anayo. "Andika," aliniambia. "Andika, Gojko, atatulia, atataka." Nikaandika. Nje Vida alianza kupasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa, shoka linashuka, linashuka, na kila mara mzee alipotaja mti au jiwe, shoka lilianguka juu ya neno lake. Hakusikia hata moja. Alihakikisha hasikii.

Obrad alikufa siku sita baadaye. Zdravko alikuja kwa mazishi, akalia sana kaburini, akapima paa kwa macho, akaondoka. Vida hakulia. Alipika kwa watu sitini, wakala, wakasifu.

Tulipomaliza kumbukumbu ya siku arobaini nilikwenda kwake na ile karatasi. Niliikunja mara nne. Nilikuwa nimeandaa maneno, kwamba kumsamehe marehemu ni kujisamehe mwenyewe, kwamba sasa hakuna wa kumwonea haya. Maneno mazuri. Aliipokea, akafungua mlango wa jiko, akaitupa ndani bila kuikunjua, akaweka sufuria juu.

"Utakunywa kahawa, jirani, nikuwekee?" akaniuliza.

"Vida, ile ndiyo ilikuwa nakala pekee."

"Vizuri."

"Ulitaka kitu hiki tangu una miaka tisa."

"Nilimtaka baba," alisema. "Uyoga unauzwa sokoni, upo kwenye pakiti." Na hapo ndipo alipoketi, akafunika uso kwa ile mikono yake myekundu, na mabega yakaanza kutikisika. Nilikaa naye mpaka kahawa ikapoa, nikaenda zangu.

Sasa lazima niseme na la kwangu, ingawa hakuna aliyeniuliza. Mtu aliyechapa maneno ya watu miaka thelathini na moja hasahau alichoandika kwa mkono wake. Karatasi iliungua, lakini nilikuwa nayo yote kichwani: vuka tuta, shika kushoto, pita uwazi, nyumba ya pampu iliyobomoka, jasen lililopasuliwa na radi, hatua arobaini kuelekea mto. Wiki ya pili ya Aprili ilinyesha mvua ya vuguvugu siku mbili. Nilijiambia nakwenda kuona tu kama mzee alisema kweli.

Alisema kweli. Kutoka kwenye ule uwazi, alikosimama Vida dakika kumi kila mwaka kwa miaka tisa, ni mwendo wa kumaliza sigara nusu. Nilipita lile jasen lililopasuka, nikainama, na sikuhitaji kutafuta. Uyoga ulikuwa umeota mpaka nikakosa pa kuweka mguu, mkubwa, wa manjano, mizizi yake imeshika udongo sawasawa. Nilikata mpaka mgongo ukakataa. Kikapu kilipojaa nilivua koti nikakifunika. Mikono yangu ilifanya hivyo yenyewe.

Nilikutana na Vida juu ya tuta. Alikuwa anatoka makaburini na baiskeli, ana reki kwenye kibebeo. Hakukuwa na njia nyingine ya kupita. Alisimama, akaangalia mabuti yangu, akaangalia kikapu. Halafu akanyoosha mkono, akainua ncha ya koti, akatazama kwa muda mrefu kidogo.

"Kumbe ni mwingi hivi," alisema.

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia shika, chukua wote, chukua na kikapu. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia nimekosa. Nilisimama pale kama gogo, na jambo pekee nililofikiria, Mungu ananijua, lilikuwa kwamba sasa ameona nimetokea upande gani.

Akarudisha koti vizuri, akalibana pembeni ili upepo usilifunue. "Upike leo, jirani," akasema. "Ukilala utaharibika." Akapanda baiskeli akaenda.

Niliupika siku ile ile, kwa mayai na mafuta ya nguruwe. Ulikuwa mtamu kuliko kitu chochote nilichowahi kula. Mke wangu aliniuliza nimeuokota wapi. Sikumwambia.